Nani anapanga bei ya mafuta ya kula Dodoma?

Simama mbele ya duka lolote la jumla pale Majengo uhesabu majina ya mafuta ya kula. Kuna madumu ya lita 20, ndoo za lita 10, chupa za lita tano, tatu na moja. Kuna alizeti, kuna mawese, kuna yaliyoandikwa tu "mafuta ya kupikia". Anayepita haraka atasema ushindani upo wa kutosha, mnunuzi achague anachotaka. Lakini geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma, jina la mtengenezaji na mji alipo. Si ajabu ukakuta majina mawili yaliyopangwa bega kwa bega kama mahasimu yametoka kiwanda kimoja. Na hata yale ya viwanda tofauti yanaweza kuwa yametegemea shehena ileile iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam.

Nadhani hapo ndipo mjadala wetu wa bei za vyakula unapopotea. Tunahesabu chapa. Tungehesabu wamiliki tungeelewa zaidi, na tungeelewa zaidi sana kama tungehesabu milango ambayo bidhaa haina budi kuipita kabla ya kumfikia mamalishe wa Sabasaba.

Soko la wachache hupimwaje

Ukiritimba, wa muuzaji mmoja peke yake, hauhitaji maelezo marefu. Soko la wachache ni gumu zaidi kulitambua, kwa sababu kwa nje linafanana na soko huria. Wachumi hulipima kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujumlisha mgao wa soko wa kampuni nne kubwa. Kwa mfano, Marekani kampuni nne, yaani Tyson, JBS, Cargill na National Beef, huchinja takriban asilimia 85 ya ng'ombe wa nyama wanaonenepeshwa nchini humo.

Ya pili ni kipimo cha Herfindahl-Hirschman. Mgao wa kila kampuni unazidishwa kwa wenyewe, kisha majibu yote yanajumlishwa. Viwanda vinne vyenye asilimia 25 kila kimoja vinatoa 2,500. Sasa chukua soko lenye viwanda saba, kimoja kina asilimia 70 na sita vilivyobaki vina tano tano. Kwa idadi, soko hili la pili lina washindani wengi zaidi. Kwa kipimo hiki linatoa 5,050, mara mbili ya lile la kwanza. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2023 inalihesabu soko lolote linalozidi 1,800 kuwa liko mikononi mwa wachache mno. Viwanda vidogo sita vinavyomfuata mkubwa mmoja havibadilishi mengi kwa mnunuzi.

Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilipotungwa iliweka kiwango cha asilimia 35: kampuni yenye mgao unaozidi hapo, na yenye uwezo wa kubana ushindani kwa muda wa maana bila yenyewe kupata hasara, inahesabiwa kuwa imehodhi soko. Ukubwa wenyewe si kosa. Kosa ni kuutumia ukubwa huo kuwabana wengine.

Kazi ngumu iko kwenye neno "soko". Soko lipi? Mtengenezaji anaweza kuwa na asilimia 20 ya mafuta yote yanayouzwa nchini, mgao usiomshtua mtu. Lakini kwa mwenye duka katika kijiji cha Bahi, ambaye gari moja tu la wakala humfikia, mtengenezaji huyohuyo ndiye soko zima. Takwimu za taifa hazimwoni mwenye duka huyo wala wateja wake.

Bei inavyopanda bila kikao

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Mnunuzi ndiye kunguru: viwanda vikigombana, yeye hushiba. Swali ni nini kinafanya panzi waache kugombana.

Watu wengi hufikiria mkutano wa siri hotelini. Inatokea, na nitaeleza mfano. Lakini wachache hawahitaji mkutano. Wakiwa watatu, kila mmoja anaijua bei ya mwenzake asubuhi hiyohiyo, kwa sababu bei mpya hutumwa kwa mawakala kwa simu na mawakala ni walewale. Mmoja akipandisha, wawili wana njia mbili: kubaki chini wakanyakua wateja, au kupanda naye. Wakibaki chini, wanajua mwenzao atashusha wiki inayofuata na wote watapata kidogo. Basi wanapanda. Hakuna aliyevunja sheria na hakuna ushahidi wa kupeleka popote. Wangekuwa ishirini, angepatikana angalau mmoja mwenye shida ya fedha au mwenye tamaa ya kukua ambaye angebaki chini, na mpango mzima ungevunjika.

Hii pia ndiyo sababu bei hupanda haraka na kushuka kwa kusuasua. Tuseme gharama ya kutengeneza lita moja imeongezeka kwa shilingi 400. Katika soko lenye wengi, bei dukani itapanda kwa kiasi kinachokaribia hicho, na gharama ikishuka, bei itashuka nayo kwa sababu kila mmoja anaogopa kuachwa. Katika soko la wachache hakuna anayekimbilia kushusha. Sababu iliyotajwa wakati wa kupanda, iwe vita, dola au mafuta ya magari, inaweza kuisha kabisa huku bei ikibaki palepale miezi kadhaa. Mwaka 2022 sababu za kupanda zilikuwa za kweli kabisa. Urusi iliivamia Ukraine mwezi Februari, na nchi hizo mbili ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani. Kisha Indonesia ikazuia mauzo ya mawese nje kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Bei ilipanda duniani kote. La kuuliza ni faida ya nani iliongezeka njiani, na baada ya dunia kutulia, kila dumu lilichukua muda gani kutulia.

Upande wa pili wa jambo hili hauonekani kwenye bei. Pakiti inabaki na bei ileile, uzito unapungua. Au ubora unashuka kidogo kidogo, na kwa kuwa wote watatu wameshuka pamoja, mnunuzi hana cha kulinganisha nacho. Anayeumia zaidi ni anayenunua kwa kupima, robo lita leo na robo kesho, kwa sababu tayari analipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba dumu, na kila ongezeko humfikia likiwa limepita mikono mitatu.

Mfano wa kikao niliouahidi ni wa Afrika Kusini. Desemba 2006, wachuuzi wanaosambaza mikate katika jimbo la Western Cape waliona waokaji wakubwa wamepandisha bei kwa wakati mmoja na kupunguza punguzo wanalopewa wachuuzi kwa kiasi kinachofanana. Walipeleka malalamiko. Kampuni moja, Premier, ilikiri na kutoa ushahidi ili isamehewe. Tiger Brands ikakubali kulipa faini ya randi milioni 98.7 mwaka 2007, na Pioneer Foods ikaamriwa kulipa randi milioni 195.7 mwaka 2010. Bidhaa yenyewe ilikuwa mkate wa kawaida, chakula cha maskini wa mjini. Sikiliza jinsi ilivyogunduliwa: hakuna kompyuta wala mchumi aliyeiona kwanza. Waliiona wachuuzi, watu wanaoshika risiti za bei ya jana na ya leo.

Uchache una hatari nyingine ambayo haina uhusiano na tamaa ya mtu yeyote. Februari 2022 kampuni ya Abbott ilifunga kiwanda chake cha maziwa ya watoto mjini Sturgis, jimbo la Michigan, kwa hofu ya bakteria. Marekani nzima ikaingia kwenye uhaba. Kampuni nne zilikuwa zinashikilia takriban asilimia 90 ya soko hilo, hivyo kiwanda kimoja kiliposimama, wazazi katika nchi tajiri kuliko zote walizunguka maduka wakitafuta kopo. Viwanda vingi vya wastani huumia kimoja kimoja, na vingine vinaendelea kuzalisha.

Alizeti yetu, na mkulima anayebanwa mara mbili

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2021 Serikali iliichagua mikoa mitatu kuwa ya kimkakati kwa alizeti: Dodoma, Singida na Simiyu. Hesabu iliyokuwa ikitajwa wakati ule ni kwamba nchi inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha takriban tani 205,000. Pengo linajazwa zaidi na mawese kutoka Malaysia na Indonesia.

Ukipita barabara kuu ya Dodoma hadi Singida unaona upande mmoja wa picha hiyo. Viwanda vidogo vya kukamua viko vingi, vingine ni banda la bati lenye mashine moja. Mbegu inamiminwa juu, mafuta yanatoka ubavuni yakiwa mazito na ya moto, mashudu yanatoka mbele kama vipande vya magome. Mafuta yanapita kwenye chujio, yanakaa siku kadhaa yatuame, yanajazwa kwenye madumu na kupangwa kando ya barabara. Mashudu, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu iliyoingia, huuzwa kwa wafugaji, au kwa kiwanda kikubwa chenye mtambo wa kemikali unaoweza kutoa mafuta ambayo mashine ndogo imeyaacha ndani.

Kwa hiyo wakamuaji ni wengi. Ukihesabu vichwa, hili ni soko la ushindani wa kupigiwa mfano. Kwa nini basi rafu za Majengo zinatawaliwa na wachache?

Kwa sababu ya milango. Mlango wa kwanza ni kusafisha. Mafuta yaliyokamuliwa na kuchujwa tu yana rangi na harufu ambayo wateja wengi wa mjini wameshazoea kuikataa, na mtambo wa kusafisha ni mtaji ambao banda la bati haliwezi kuubeba. Mlango wa pili ni mtaji wa msimu. Mavuno yanaingia kwa miezi michache, na mwenye fedha ndiye anayenunua na kujaza ghala. Mkamuaji mdogo hununua anachoweza, anakamua, kisha mashine inalala sehemu kubwa ya mwaka kwa kukosa mbegu. Mlango wa tatu hauzungumzwi sana nao ndio mgumu kuliko yote: mali kauli. Kiwanda kikubwa kinampa wakala mzigo alipe baada ya kuuza, na juu yake kuna bonasi akifikisha lengo. Mkamuaji wa Singida anataka fedha taslimu kwa sababu kesho lazima anunue mbegu. Mwenye duka, hata akiyapenda mafuta ya Singida, atachukua ya mali kauli. Na ikitokea wakala akaambiwa asiweke bidhaa ya mwingine ili aendelee kupata mzigo, mlango unakuwa umefungwa kwa ufunguo.

Mlango wa nne uko bandarini. Katika bajeti ya 2018/19, mawese ghafi yaliwekewa ushuru wa asilimia 25 na yaliyosafishwa asilimia 35. Nia ilikuwa kulinda mkulima na viwanda vya ndani, na ninaikubali. Lakini tofauti hiyo ina maana kwamba anayenufaika kuagiza ni yule mwenye mtambo wa kusafisha, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuleta ghafi. Tofauti kati ya ghafi na yaliyosafishwa ilikuwepo hata kabla ya bajeti hiyo, ndiyo maana mapema mwaka 2018 ulizuka mgogoro wa kama shehena zilizozuiliwa bandarini zilikuwa ghafi au la, na kufikia Mei, Ramadhani ikikaribia, mafuta yalipungua madukani na suala likafika bungeni hapa Dodoma. Shehena chache za waagizaji wachache zilitosha kuyumbisha jikoni za nchi nzima.

Katika hili mkoa wa kati una jambo lake la pekee. Kwingine mlaji na mzalishaji ni watu wawili. Hapa mara nyingi ni mtu mmoja. Mama wa Chamwino au Kongwa anauza magunia ya alizeti baada ya mavuno kwa sababu ada ya shule haisubiri, na miezi michache baadaye ananunua mafuta kwa kupima. Wanunuzi wa alizeti wakiwa wachache, anapokea bei ya chini. Wauzaji wa mafuta wakiwa wachache, analipa bei ya juu. Mwaka 2023 wabunge wa mikoa hii walisimama kulalamikia bei ya alizeti kuanguka, wakati mwaka uliotangulia malalamiko yalikuwa bei ya mafuta kupaa. Kwenye habari hayo ni malalamiko mawili yanayopingana. Nyumbani kwa mama huyo ni bajeti moja, na pengo kati ya bei hizo mbili ndilo linalopaswa kuchunguzwa. Kila mjadala unaoshughulikia upande mmoja tu, kushusha ushuru ili mlaji apumue au kupandisha ushuru ili mkulima apumue, unamwondolea mtu yuleyule kwa mkono wa kushoto kile alichopewa kwa mkono wa kulia.

Sukari ilituonyesha nini

Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zilijaza maji mashamba ya miwa na uzalishaji ukakwama. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kutegemea kanda. Mitaani, maeneo mengi, kilo ilikuwa zaidi ya 4,000. Bei elekezi haikuleta hata kilo moja ya ziada sokoni. Ilichofanya ni kumweka mwenye duka kwenye hatari ya kukamatwa kwa kuuza sukari ambayo yeye mwenyewe aliinunua kwa bei ya juu, na wengine wakaacha kabisa kuiweka mbele.

Utaratibu uliokuwepo ulikuwa kwamba vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo walipewa wazalishaji wenyewe, na wazalishaji wakubwa nchini ni wa kuhesabika kwa vidole: Kilombero, TPC, Kagera, Mtibwa, na wengine wachache wapya kama Bagamoyo. Hoja yake ilikuwa na mantiki, kwamba asiye na kiwanda akiruhusiwa kuagiza ataua viwanda. Lakini angalia ulivyokaa. Uhaba unapandisha bei ya sukari iliyoko ghalani, na anayepewa jukumu la kuumaliza uhaba ndiye mwenye ghala. Hata awe mwaminifu kiasi gani, amewekwa mahali ambapo kuchelewa hakumuumizi.

Juni 2024, kupitia Sheria ya Fedha, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, aliruhusiwa kuagiza na kuhifadhi sukari. Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, aliutetea uamuzi huo bungeni. Mjadala uliwaka hadi aliyekuwa mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, akasimamishwa vikao 15 kwa jinsi alivyowasilisha tuhuma zake kuhusu vibali vya sukari. Mimi naona mabadiliko yale yalikuwa sahihi kwa sehemu. Mlango wa pili ulifunguliwa. Lakini mlango wa pili unaoshikwa na chombo kimoja cha Serikali nao unahitaji kuangaliwa: nani anapata sukari ya NFRA, kwa bei gani, na orodha hiyo inatangazwa wapi?

Ukubwa una mazuri yake

Ningekuwa namdanganya msomaji kama ningeishia kwenye lawama. Mtambo mkubwa hutumia umeme kidogo kwa kila lita, hupata vifungashio kwa bei nafuu, na hutoa mafuta mengi zaidi kutoka mbegu ileile. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka mafuta ya kula yaongezwe vitamini A na unga wa ngano uongezwe madini na vitamini, na kazi hiyo ni rahisi kuisimamia kwenye viwanda kumi kuliko kwenye mabanda mia tano. Kwa mtoto wa Mpwapwa anayekula ugali na mlenda, vitamini hiyo si jambo dogo.

Kwa hiyo sitetei kuvunja viwanda vikubwa. Ninachotetea ni kwamba unafuu ule wa gharama ufike dukani, na haufiki wenyewe. Unafika pale ambapo mkubwa anamwogopa mtu. Mtu huyo anaweza kuwa kiwanda kingine kikubwa, anaweza kuwa mwagizaji, na katika mkoa wetu anaweza kuwa wakamuaji wadogo, kama wangekuwa na mtambo mmoja wa kusafisha wa pamoja Singida au Kibaigwa ambao kila mmoja analipia kwa lita, na ghala ambako mbegu inaweza kukaa hadi Februari. Fedha za namna hiyo zingemsaidia mlaji kuliko bei elekezi yoyote.

Sheria inazo nyenzo. Makubaliano ya kupanga bei kati ya washindani yamekatazwa moja kwa moja, bila kuhitaji kuthibitisha madhara, na Sheria ya 2003 iliweka faini ya kati ya asilimia tano na 10 ya mauzo ya mwaka ya kampuni. Kampuni kubwa zikitaka kuungana, Tume ya Ushindani inaweza kuzuia. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani, na Baraza hilo halipo kwa jina tu: Septemba 2022 lilitengua idhini ya kampuni mama ya Twiga Cement kuinunua Tanga Cement, ingawa mwaka uliofuata ununuzi ulikuja kukamilika kwa njia nyingine. Kwenye chakula, ningependa kuona Tume ikiangalia zaidi upande wa ununuzi wa mazao, maana ndiko mlaji wa mkoa wa kati anakoanza kuumia.

Na kama wewe ni mwenye duka au wakala, unashika ushahidi ambao hakuna ofisi inayo. Weka risiti zako kwa tarehe. Watengenezaji wawili au watatu wakipandisha bei siku moja kwa kiasi kilekile, zaidi ya mara moja, bila gharama yoyote inayojulikana kuwa imepanda, au ukaambiwa utanyimwa mzigo ukiweka mafuta ya mwingine, andika siku, kiasi, na nani aliyekwambia, kisha peleka kwa Tume. Malalamiko ya maandishi yenye risiti ndiyo yanayoweza kuanzisha uchunguzi.